Mgeni mmoja anayekaa ni bora kuliko kumi wanaopita: miaka tisa ya kuratibu sanaa na insia kwenye chuo kidogo

Mratibu Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, siku nyingi. Leo nafungua uzi kwa sababu kuna mdau aliuliza juzi chuo kidogo kinawezaje kuwa na programu ya sanaa na insia inayoeleweka wakati hakina fedha. Akajibiwa kwa mizaha miwili mitatu, mada ikafa. Swali lilikuwa zuri. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, kwenye chuo chenye wanafunzi wasiofika mia nane, na ofisi yangu ilikuwa stoo ya zamani ya vyombo vya bendi. Jina la chuo sitalitaja. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Kwanza tuelewane maneno. Sanaa ni muziki, maigizo, dansi, uchoraji, filamu. Insia ni fasihi, historia, falsafa, lugha, dini na jamaa zao. Na nikisema programu sizungumzii masomo yenye mitihani. Nazungumzia yale yanayofanyika vipindi vikiisha: tamasha, maonyesho, mhadhara wa jioni, usomaji wa mashairi, filamu na mjadala wake. Vyuo vikubwa vina idara nzima ya kushughulikia hayo. Chuo kidogo kina mtu mmoja mwenye funguo nyingi. Huyo ndiye nilikuwa mimi.

Naanza na aibu yangu.

Mwaka wa pili nilimwalika mshairi mwenye jina. Karibu robo ya bajeti ya mwaka ilikwenda kwa usiku mmoja. Ukumbi mkubwa, viti mia tatu, nilivipanga na vijana wawili tangu saa nane mchana. Maikrofoni mbili, maji mezani, bango kila mlango. Saa moja kamili jioni walikuwemo watu kumi na mmoja, na kati yao mmoja ni fundi mitambo, mwingine mlinzi aliyekuja kukaa kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Jioni hiyohiyo timu ya mpira wa kikapu ya chuo ilikuwa inacheza nusu fainali, kwaya ilikuwa na mazoezi, na mwalimu wa kemia alikuwa amehamishia jaribio lake saa kumi na mbili. Wapenzi wa mashairi ndio haohao wanakwaya. Kwenye chuo kidogo mtu mmoja huvaa kofia nne, ukimgongea ratiba mara moja umepoteza watu wanne.

Mshairi alisoma dakika arobaini akiwatazama watu waliotawanyika kama mbegu zilizomwagika. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nakagua viatu vyangu. Asubuhi akapanda gari akaondoka. Hakuna mwanafunzi aliyeongea naye zaidi ya kumwambia asante kwa kuja.

Nilidhani tatizo ni matangazo. Nikaongeza mabango. Muhula uliofuata hali ikawa ileile, ila na mabango mengi zaidi ya kubandua.

Kilichonitoa shimoni ni karatasi. Nilichukua karatasi kubwa ya ukutani, nikachora wiki zote za muhula, nikaanza kutembea mlango kwa mlango: kocha, mwalimu wa kwaya, watu wa maabara, ofisi ya taaluma, viongozi wa wanafunzi. Kila mmoja nilimpa kalamu ya rangi yake, aandike mwenyewe. Karatasi ilipojaa nilicheka peke yangu. Kumbe miaka yote miwili nilikuwa naweka shughuli zangu kubwa Alhamisi, siku ambayo nusu ya chuo kizima ilikuwa na maabara ya jioni. Wiki ya pili ya muhula ilikuwa tupu, watu wana hamu na hawana kazi za kukusanya. Wiki mbili kabla ya mitihani nisingeweza kujaza ukumbi hata kama ningegawa digrii mlangoni. Tangu hapo kila mwanzo wa muhula tulikaa robo saa na karatasi ile, na kocha wa kikapu ndiye akawa rafiki yangu mkubwa. Alikuwa ananipigia simu akiahirisha mechi.

Jambo la pili ni dogo mtaniona wa ajabu: viti. Ukitegemea watu hamsini, weka viti arobaini, vingine virundike nyuma ya pazia. Watu kumi wakikosa pa kukaa na mkaanza kupitisha viti vichwani, shughuli imeshachangamka kabla mgeni hajafungua mdomo. Watu haohao hamsini ukiwaweka kwenye viti mia tatu, unakuwa umeandaa msiba.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Mwaka wa tatu nilikuwa na fedha ya wageni wanne wa usiku mmoja mmoja. Nikaamua kumleta mmoja, mtunzi wa tamthilia asiye na jina kubwa, akae Jumatatu hadi Ijumaa. Nauli moja, chumba kimoja cha wageni, chakula anakula na wanafunzi bwaloni. Aliingia vipindi sita: vya fasihi, ndiyo, lakini pia historia na kimoja cha biolojia, ambako aliwauliza wanafunzi wamweleze ugonjwa mmoja kwa maneno ambayo bibi wa mgonjwa angeelewa. Alasiri tatu aliendesha warsha ya watu kumi na wawili. Ijumaa wanafunzi wakasoma jukwaani vipande walivyoandika wenyewe.

Kuna picha moja ya wiki ile haijanitoka. Jumatano, nje ya bwalo, mtunzi amekaa kwenye ngazi na kijana wa fizikia ambaye hakuwahi kukanyaga shughuli yangu hata moja. Kijana ana karatasi yenye mazungumzo ya mtu na baba yake. Mtunzi anasoma kwa sauti, anafika kwenye mstari wenye "kwa hiyo" tatu, anampa penseli: "Futa mbili." Kijana anafuta. Anasoma tena. Anafuta na ya tatu bila kuambiwa. Hakukuwa na bango wala maikrofoni, na hakuna ripoti niliyowahi kuandika iliyokuwa na safu ya kuandika kitu kama kile.

Ijumaa walikuja watu 140. Siri yake ni nyepesi: kila mtu alikuwa na rafiki jukwaani, au alishakula meza moja na mgeni.

Tusidhani hili ni jipya. Someni habari za Black Mountain College, kule North Carolina, Marekani. Kilianzishwa 1933, kikafungwa 1957 kwa kukosa fedha, na kwa miaka yote hiyo wanafunzi wake kwa jumla ni kama 1,200 tu. Walimu na wanafunzi walilima pamoja na kujenga pamoja. Ithibati hawakuwahi kupata. Lakini hesabu waliokaa pale. Mchoraji Josef Albers na mkewe Anni, mfumaji, walifika 1933 baada ya Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu, kufungwa Ujerumani, Josef akiwa karibu hajui Kiingereza, na wakabaki hadi 1949. Ruth Asawa, mchongaji wa nyaya, alikuwa mwanafunzi wao. Kiangazi cha 1948 mbunifu Buckminster Fuller alijaribu na wanafunzi kusimamisha kuba la vipande vyembamba vya mapazia ya dirisha, likagoma kusimama. Kiangazi kilichofuata akarudi, safari hii likasimama. Hapo ndipo penye utamu: wanafunzi walimwona mtu mkubwa akishindwa, kisha wakamwona akirudi. Mgeni wa usiku mmoja hakuonyeshi hilo, anakuja na kile kilichokwisha kufanikiwa tu.

Na 1952 palepale mtunzi wa muziki John Cage aliandaa onyesho ambalo hadi leo linatajwa kila inapoandikwa historia ya sanaa za maonyesho: mcheza dansi Merce Cunningham anacheza katikati ya watu, mashairi yanasomwa kutoka juu ya ngazi, turubai nyeupe za mchoraji Robert Rauschenberg zinaning'inia, yote kwa wakati mmoja. Ukumbi wenyewe? Chumba cha kulia chakula.

Bennington, kule Vermont, Marekani, ni mfano mwingine. Chuo kilifunguliwa 1932, na 1934 tayari kilikuwa na shule ya dansi ya kiangazi ikiwakusanya magwiji wa dansi ya kisasa: Martha Graham, Doris Humphrey, Charles Weidman na Hanya Holm. Majengo yangekaa tupu likizo nzima, wao wakayapa kazi.

Neno la mwisho kabla sijawaachia uwanja. Marekani walipotunga sheria 1965 waliunda taasisi mbili za taifa, moja ya sanaa, nyingine ya insia. Kwa nchi kubwa sawa, pana fedha za kugawana. Tatizo vyuo vidogo navyo vinaiga: kamati ya sanaa huku, kamati ya insia kule, zinagombea ukumbi mmoja na watu walewale sabini. Mimi niliziunganisha. Filamu ikionyeshwa, mwanahistoria anaizungumzia. Muziki ukipigwa, mtu wa falsafa anapewa dakika kumi. Walinung'unika muhula mmoja, wakazoea.

Karibuni. Povu ruksa.

---

Kiti cha Nyuma

Nimeweka kambi. Hiyo ya viti nimeifanyia kazi leo hii kwenye kikao cha idara, tulikuwa tisa, nikaweka viti saba. Mkuu wa idara kanikodolea macho.

---

Hesabu Tupu

Mkuu, madini mazuri, ila umeruka kisiki kikubwa. Utawala unataka namba. Ukiwapelekea "nilileta mgeni mmoja" na mwenzako wa michezo anasema "niliendesha matukio ishirini", bajeti ya mwakani inakwenda wapi? Halafu walimu hawapendi vipindi vyao kuingiliwa, mitaala yenyewe imebana.

---

Mratibu Mstaafu

@Hesabu Tupu umenigusa penyewe. Namba niliwapa, ila nilibadilisha kinachohesabiwa. Badala ya vichwa nikahesabu saa ambazo mwanafunzi alikaa na mgeni. Mshairi wangu wa aibu: watu kumi na mmoja, chini ya saa moja, tuseme saa 11 kwa ukarimu. Mtunzi: vipindi sita vya watu kama ishirini, saa moja kila kimoja, ni 120. Warsha ya watu 12, saa mbili mara tatu, ni 72. Ijumaa watu 140 kwa saa moja na nusu, ni 210. Jumla 402. Niliweka hizo mbili ukurasa mmoja, moja juu ya nyingine, na nikaandika gharama pembeni. Mhasibu ndiye aliyenitetea kwenye kikao.

Kuhusu walimu, kosa ni kwenda kuwaomba "nafasi kidogo" wiki moja kabla. Nenda muhula mmoja kabla, muulize ni mada gani inamsumbua kufundisha, kisha umtafutie mgeni anayeifaa. Yule wa biolojia hakunipa kipindi kwa huruma. Wanafunzi wake walikuwa wanashindwa kueleza mambo kwa lugha nyepesi, na alikuwa amechoka kusahihisha.

---

Mpiga Nyundo

Nitakuwa mkweli, nikosolewe. Chuo kidogo kinachohangaika kulipa umeme hakina haja ya washairi. Kifundishe watu kazi. Sanaa ni starehe ya walioshiba.

---

Siyo Daktari Bado

@Mpiga Nyundo mimi nasoma fani ya afya, nikujibu kwa upande wangu. Chuo Kikuu cha Yale waliwapeleka wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza kwenye jumba la sanaa, wakawakalisha mbele ya picha za kuchorwa na kuwataka waeleze wanachokiona kabla ya kusema inamaanisha nini. Matokeo yalichapishwa 2001 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani: waliopitia zoezi hilo walikuwa bora kuona dalili kwenye picha za wagonjwa kuliko wenzao. Hiyo ni kazi, siyo starehe. Na kinachohitajika ni ukuta, picha na mtu anayejua kuuliza.

---

Mpiga Nyundo

Hapo umenipunguza nusu. Nusu nyingine bado ninayo.

---

Dada wa Maktaba

Mleta uzi umeegemea sana jukwaani, maonyesho umeyapita kama basi la haraka. Sisi hatuna jumba la sanaa, tuna korido ya maktaba. Niongezee kidogo kwa wenye hali kama yetu.

Picha tundika katikati yake ikiwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Wengi hutundika juu mno, watu wanatazama dari. Kazi za karatasi na vitambaa hazitaki mwanga mkali, kiwango kinachotumika kwenye makumbusho ni kama laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), za rangi ya mafuta zinavumilia hadi 200 hivi. Korido yenye dirisha la jua inaunguza rangi polepole na haitarudi. Sisi tuliweka nakala upande wa dirisha, kazi halisi upande wa ukuta wa ndani.

Na kama chuo kina mkusanyo wowote umefungiwa stoo, jifunzeni kwa chuo cha Oberlin, Ohio, Marekani. Tangu 1940 jumba lao la sanaa linawakodisha wanafunzi kazi halisi kwa muhula mzima, wakatundike vyumbani mwao. Kwa miaka mingi kodi imekuwa dola 5 kwa kazi moja. Kuna picha za Picasso humo. Wanafunzi hulala nje usiku kucha kupanga foleni.

---

Kiti cha Nyuma

Picasso juu ya kitanda cha bwenini?! Mimi mwenzangu wa chumba alikuwa anakausha soksi kwenye taa.

---

Mzee wa Nyaya

Nimekuwa fundi wa ukumbi zaidi ya miaka ishirini, niseme yangu mawili niende.

Piano. Waratibu wote mnasahau. Mnaweka bajeti ya mpiga piano, hamweki ya fundi wa kurekebisha sauti. Na msimwite jana yake, piano ikiwa bado korido ya nyuma. Isukumwe jukwaani kwanza, itulie, izoee joto la pale, ndipo aiguse, siku hiyohiyo ya tamasha. Nimeona mpiga piano akimaliza kipande cha kwanza, akainuka, akaja kuniuliza kwa upole kama kuna piano nyingine.

La pili, filamu. Kununua diski au kulipia huduma ya kutazama filamu nyumbani hakukupi ruhusa ya kuonyesha ukumbini. Nchi nyingi sheria ya hakimiliki inatenganisha kutazama nyumbani na kuonyesha hadharani. Tamthilia nayo ni hivyohivyo, ada hulipwa kwa kila onyesho, hata kiingilio kikiwa bure. Andikeni barua mapema.

---

Mratibu Mstaafu

Shikamoo Mzee wa Nyaya. La piano limenipata mara mbili. Mara ya pili sikuwa na kisingizio.

---

Nasaini Tu

Mimi ni mwanafunzi. Chuoni kwetu tunalazimishwa kuhudhuria shughuli kadhaa kila muhula, unasaini karatasi, ukikosa hesabu huhitimu. Ukumbi unajaa kweli. Lakini nusu tuko kwenye simu. Mratibu unasemaje?

---

Mratibu Mstaafu

@Nasaini Tu niliirithi karatasi hiyo na niliitumia miaka minne, kwa hiyo nami nina dhambi. Siku iliyonikata maini ni mhadhara wa mwanafalsafa mmoja mpole sana. Aliposema "na mwisho" kabla hajafika mwisho, nilisikia mabegi sitini yakifungwa zipu kwa pamoja. Foleni ya kusaini ilikuwa ndefu kuliko ya maswali. Maswali yalikuwa mawili, moja nililiuliza mimi.

Baada ya hapo karatasi nikaihamisha. Mhadhara wenyewe hausainiwi. Kinachosainiwa ni mazungumzo ya baadaye, chumba kidogo, mgeni na atakayependa kubaki. Wazo nililichukua St. John's College ya Annapolis, Marekani. Tangu 1937 wanasoma vitabu vikuu kwa mjadala, wanafunzi wenyewe ndio wazungumzaji, na Ijumaa usiku kuna mhadhara mmoja, kisha watu wanahamia chumba kingine kwa maswali yanayoendelea hadi wachoke. Kwetu mahudhurio ya mhadhara yalishuka karibu nusu, utawala ukanuna. Chumba cha pili kilianza na watu wanane. Mwaka wangu wa mwisho ilibidi tuwagawe makundi mawili.

Kama huna budi kusaini kwenu, hebu jaribu kubaki dakika kumi baada ya karatasi kukusanywa. Wageni huongea tofauti kabisa ukumbi ukishatulia.

---

Nasaini Tu

Poa. Jumanne kuna mtu wa historia, nitabaki. Nikiboreka nakuja kulalamika hapahapa.

---

Hesabu Tupu

Nimenakili ile hesabu ya saa, kesho naiweka mezani. Swali moja tu la umbea: yule mshairi wa watu kumi na mmoja aliwahi kurudi?

---

Mratibu Mstaafu

Nilikaa miaka mitatu naona haya, kisha nikamwandikia. Nikamwambia ukweli: usiku ule uliniponyoka, ningependa uje ukae siku nne, malipo ni madogo kuliko ya kwanza. Alijibu siku hiyohiyo. Hakutaja malipo wala ratiba. Aliuliza tu viti vitakuwa vingapi.

Nikamjibu ishirini na tano. Walikuja thelathini na mbili.